Chaneli ya Sita na Waume Zake Wanne

Nordby, Dakota Kaskazini
Novemba, 1995

Kwa Bwana Garrett Pruitt,
Meneja wa Chaneli ya Sita,
Jengo la Zamani la Vifaranga,
Nordby.

Bwana Pruitt, uliye mpendwa katika Bwana, na kama bado hujaingia katika Bwana, basi mpendwa hivyo hivyo mpaka utakapoingia,

Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na pazia lako la buluu. Sisi huku ni wazima pia, isipokuwa pale nitakapoeleza.

Mimi naitwa Ardis Tveit. Ni mpishi wa shule ya msingi, na Jumapili nafundisha watoto katika Kanisa la Kilutheri la Bethania. Wewe hunijui, ila mimi nakujua, maana nilikuona kwenye runinga ile Jumatatu ya Oktoba uliposimama mbele ya pazia la buluu ukatutangazia kwamba Chaneli ya Sita imeanza safari mpya ya kusisimua. Tai yako ilikuwa nzuri. Nilisema moyoni, kijana huyu kalelewa vizuri, hajui tu anachokifanya. Ndiyo sababu naandika kwa upendo, na kwa namba, kwa kuwa mume wangu Delmer anasema nikianza kueleza jambo huwa nazunguka kama kuku asiyejua atagie wapi.

Kabla ya malalamiko, niruhusu nikukumbushe historia ya kituo chako. Najua ni chako. Ila wewe umekuja Agosti kutoka Chicago, na sisi tulikuwepo nguzo ya kwanza ilipochimbiwa.

Kituo kidogo kama hiki, sina haja ya kukufundisha, hakiwezi kupika chakula chote chenyewe. Kinapika habari za jioni, hali ya hewa na ibada ya Jumapili. Michezo ya kuigiza, mpira na waimbaji vinaletwa na mojawapo ya mashirika makubwa ya kule New York. Nyinyi mnaita mkataba. Mimi naita ndoa, maana mmoja analeta chakula, mwingine anakipakua, na wote wanaishi chini ya jina moja. Majina ya mashirika sitayataja. Mume akishaachwa si adabu kumtangaza.

Mzee Einar Kvale, aliyekuwa akiangulisha na kuuza vifaranga, ndiye aliyesimamisha mnara juu ya kilima cha malisho cha akina Tollefson, ili atangaze vifaranga vyake. Kusudi lilikuwa hilo, hapakuwa na lingine. Mpaka leo jengo lenu siku za joto linanuka kuku, na mkipuliza marashi linanuka kuku aliyepulizwa marashi.

Mume wa kwanza alikuwa mtu wa heshima. Vipindi vyake vilikuja kwa treni ndani ya makopo ya filamu, vimechelewa, kwa hiyo Krismasi ya New York ilitufikia sisi Januari, mti umeshatupwa nje. Hatukulalamika. Marehemu mama yangu alikuwa akisema, "Mwokozi mwenyewe alichelewa karne na karne, sembuse waimbaji."

Kisha Mzee Einar akaona kwamba shirika jingine lina farasi na bastola nyingi kuliko lile lake. Mtu mwingine angechagua. Yeye akakioza kituo kwa wa pili kikiwa bado na wa kwanza. Mchana wa huyu, jioni wa yule, Jumamosi atakayewahi. Kanisa lilinyamaza, maana mchungaji wa wakati ule alipenda farasi. Lakini nyumba ya waume wawili haikosi fujo. Usiku mmoja filamu ya mauaji ilikatwa katikati ili kwaya ya mume wa pili ianze, na nani alimuua mwenye hoteli, Nordby haijui mpaka leo. Delmer anasema ni mpishi. Jirani yetu Orrin Lysne anasema ni mke. Wanabishana tangu ujana wao, na nina hakika mmoja atakapozikwa, mwingine atasimama kando ya kaburi na kusema, "Pumzika kwa amani, lakini alikuwa mke."

Baadaye mume wa kwanza akaondoka kwa miguu yake mwenyewe, wa pili akabaki mwenye nyumba. Huo ndio wakati tuliotulia. Watoto wamezaliwa, wameoa, wamehamia Minneapolis, na mume alikuwa yule yule. Yeye ndiye aliyetuletea ule mchezo wa kuigiza uitwao Familia ya Fairhaven, kila siku ya kazi saa saba mchana, nami nitairudia habari hiyo kwa kuwa ndiyo iliyoniketisha hapa.

Einar alipofariki, wanawe wakauza kituo kwa kampuni ambayo makao yake hakuna aliyewahi kuyaona. Majira mamoja ya baridi, katika miaka ya themanini, kampuni ikatorosha kituo kwa mume wa tatu. Kabla ngano haijapandwa kikarudi kwa wa pili, kichwa chini, kimebeba masanduku. Akakipokea bila neno. Hayo majira ya baridi nayo nitayarudia. Tafadhali usiyasahau, maana sisi hatujayasahau.

Na sasa, Bwana Pruitt, umetuletea mume wa nne. Nimemtazama kwa nia njema. Ni kijana, ana rangi nyingi na kelele nyingi, na kidevuni hana hata unywele mmoja. Sisemi ni mbaya. Nasema wasichana wangu wa darasa la Jumapili nisingewashauri.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Hatukuulizwa. Bethania, tulipotaka kubadilisha zulia la ukumbi wa chini, tulipiga kura mara tatu, na familia mbili zikahamia kwa Wabaptisti kwa ajili ya rangi. Hilo ni zulia. Wewe umebadilisha mchana wote wa wilaya nzima, na hata sahani ya biskuti hukuitembeza. Nilipiga simu kituoni. Binti aliyepokea, ana adabu sana, mwongeze mshahara, akaniambia, "Mama, mambo ya mkataba yanaamuliwa juu." Nikamwambia, "Binti yangu, huku kwetu juu kuna Mungu na antena ya Delmer." Akafikiri kidogo, akasema, "Basi itakuwa katikati ya hapo."

2. Mahubiri. Mume wa pili alikuwa na mpira wa Jumapili adhuhuri, ile timu ya Minnesota ambayo wanaume wa hapa wanaiombea kuliko wanavyowaombea wamisionari. Kwa ajili hiyo Mchungaji Aasen kwa miaka mingi alihubiri mambo mawili tu, dhambi na neema, na amina ikapatikana kabla viazi havijaiva. Sasa mpira umeondoka na mume, wanaume hawana pa kukimbilia, na mchungaji amegundua kwamba yapo na mambo mengine. Jumapili iliyopita alianza na uumbaji. Mimi ni mcha Mungu, nilipaswa kushangilia. Nilikuwa nashangilia huku nikinusa viazi vyangu vikiungua upande wa pili wa mtaa. Delmer alinong'ona, "Mama, huyu leo anafika mpaka Ufunuo." Nikamwambia anyamaze, hiyo ni nyumba ya Bwana. Dakika chache baadaye nikamuuliza yupo wapi sasa. Akasema, "Bado Misri."

3. Goti la Wendell. Kila mtu hapa anajua, isipokuwa wewe, kwamba Wendell Opsahl anapotusomea hali ya hewa hatusikilizi anachosema. Tunatazama goti lake la kulia. Aliumia alipoanguka kutoka kwenye trekta akiwa shule, na hewa ikibadilika linamuuma. Akisema kutakuwa na jua huku mkono umeshuka ukilisugua goti, watu wanaingiza nyasi ghalani. Tumefanya hivyo tangu alipoanza kazi na hatujawahi kulowa. Mume wako wa nne ameagiza watangazaji waonyeshwe kuanzia kifuani kwenda juu, ili pale chini papite maneno na nembo yake. Maneno yanapita vizuri. Yanameta. Lakini theluji ya kwanza ilimkuta Orrin Lysne na alizeti zake zote zimesimama shambani, na alipomfuata Wendell dukani kwa hasira, Wendell alimwambia, "Kaka, nilisugua mpaka suruali ikatoboka. Kosa langu ni lipi?" Mimi si mtaalamu wa masoko. Nauliza tu, kwa niaba ya wakulima, kifua cha Wendell kinatusaidia nini?

4. Antena. Mume wa pili, baada ya kuachwa, ameoana na kituo cha Fargo. Namtakia heri. Lakini Fargo ni mbali na mawimbi yake yanachoka njiani. Delmer alipanda juu ya paa kuielekeza antena upande ule, nami nikasimama dirishani kumjibu runinga inaonyesha nini; picha ikikosekana, kioo hujaa chenga nyeupe tunazoziita theluji.

"Vipi?"

"Theluji."

"Na sasa?"

"Theluji."

"Na sasa?"

"Theluji inayozungumza."

"Inasema nini?"

"Nadhani inauza sabuni. Shuka, chai inapoa."

Theluji ya nje tunayo, Bwana Pruitt, na Mungu hutupa kwa ukarimu. Ya ndani hatukuwa tumeomba.

5. Kile kipindi cha viti. Saa saba mchana, mahali palipokuwa pa Familia ya Fairhaven, sasa ndugu wa damu wanaketi mbele ya umati na kuambiana kila kitu. Dada anamwambia dada yake usoni mambo ambayo mtu hamwambii hata daktari. Umati unapiga makofi. Kisha mtu anarushiwa kiti. Sisi wa Nordby si watu wa namna hiyo. Huku kwetu mtu akiunguliwa na nyumba, ukimuuliza hali atasema, "Si mbaya, kulikuwa na joto kidogo." Baba yangu alitamka kwamba anampenda mama mara moja tu, na akaongeza kwamba kukiwa na mabadiliko atamjulisha. Kuwaletea watu kama sisi kipindi kama kile ni kumpa ng'ombe viatu.

6. Dada yangu. Hapa naomba uketi.

Nina dada mkubwa, Eunice Sandvik, mjane, anayeishi peke yake shambani ng'ambo ya mto. Kila saa saba mchana, kazi ya jikoni shuleni ikiwa imekwisha, nilikuwa nikifika nyumbani, nikiwasha runinga, nikimpigia simu. Yeye kwake, mimi kwangu, simu sikioni, macho kwa Fairhaven. Mara nyingi hatukusema neno. Nilikuwa namsikia akipumua na akikoroga kahawa. Lakini yale tuliyokuwa na haja ya kuambiana, tuliyaambiana hapo.

Nieleze vizuri, maana wewe ni wa Chicago. Mimi na Eunice tukikaa uso kwa uso tunazungumza hali ya hewa. Hatuna lugha nyingine, hatukufundishwa. Lakini macho yakiwa kwa Bi Marguerite wa Fairhaven, ambaye ameshaolewa mara nyingi na kuzimia mara nyingi zaidi, midomo inafunguka. Delmer alipokuwa anakunywa kupita kiasi, Eunice alisema, "Marguerite angemficha funguo za gari." Nikazificha. Binti yake alipoondoka nyumbani kwa ugomvi, nilimwambia, "Yule mama angeandika tu kadi, asingesubiri aombwe radhi." Akaandika. Hatukutajana majina hata siku moja. Marguerite alibeba yote, mwanamke wa watu, na nywele hazikumvurugika.

Kanisa zima lilimpenda. Sisi wanawake wa Bethania tuna mnyororo wa maombi wa simu, wa kwanza anampigia wa pili, wa pili wa tatu, mpaka mgonjwa awe amezungukwa. Marguerite alipozimia mara ile ya ajali ya mashua, bibi mmoja mwenye masikio mazito alisikia nusu ya habari akaipitisha. Jumapili Mchungaji Aasen akasimama madhabahuni na kumwombea dada yetu Marguerite, aliyelala bila fahamu, na watoto wake wa baba mbalimbali. Hakuna aliyemsahihisha, ingekuwa kukosa adabu. Wiki ile ile akaamka. Kule New York wanadhani waliandika wao.

7. Hili ndilo lalamiko lenyewe. Hayo mengine nimeyatanguliza ili unizoee.

Nilikuomba usisahau yale majira ya baridi ya mume wa tatu. Fairhaven haikuwepo, kwa hiyo mimi na Eunice hatukuwa na pa kuzungumzia. Nilimpigia simu mara chache. Alisema barabara ina barafu. Nikasema hata huku. Mumewe Palmer alikuwa na moyo unaosimama na kuanza, daktari alikuwa amekwisha kumwambia, na Eunice alikuwa anakesha akimsikiliza akipumua. Mimi nilijua habari hiyo kwenye mazishi yake, ukumbi wa chini, nikiwa nimeshika sahani. Nilimwambia, "Dada, mbona hukusema?" Akaniambia, "Ningesemea wapi?"

Sikulaumu wewe, wakati huo labda ulikuwa unajifunza kufunga tai. Nakueleza tu ili uelewe yanayofuata.

Ijumaa kabla ya pazia lako la buluu, Marguerite alisimama mbele ya kioo akajishika chini ya kwapa, na uso ukambadilika. Daktari Lucian akamwambia aende hospitali Jumatatu. Kwenye simu Eunice aliacha kukoroga kahawa. Kisha akasema, "Mimi ningekuwa Marguerite, ningemwambia mtu mmoja kwanza."

Nikasema, "Angemwambia nani?"

Akasema, "Labda yule mdogo wake."

Nikangoja. Likaingia tangazo la sabuni. Akasema, "Haya. Tutaona Jumatatu."

Jumatatu, Bwana Pruitt, tuliona tai yako.

Tangu siku hiyo dada yangu anabeba neno ambalo hana pa kuliweka. Nimempelekea bakuli la viazi na nyama ya kusaga. Tulikaa mezani, akasifu viazi. Nikamuuliza anaendeleaje. Akasema upepo umegeuka. Nikasema kweli, umegeuka. Aliponisindikiza mlangoni alikuwa amevaa koti la Palmer, na lilimpwaya kuliko zamani. Tulijaribu hata hicho kipindi chako cha viti, kila mtu kwake, simu sikioni. Dada wawili walikuwa wanaambiana. Tuliona aibu kana kwamba tumefungua mlango wa bafu la mtu, tukakata simu bila kuagana.

Sitaki kupata habari nyingine nikiwa nimeshika sahani. Hiyo ndiyo hoja yangu, na ndiyo maana naomba yafuatayo, kwa heshima, kuanzia kubwa kwenda dogo.

Kwanza, kituo kimrudie mume wa pili. Alikwisha kusamehe mara moja, anajua njia.

Kama haiwezekani, basi mtume mtu Fargo kila siku akatazame Familia ya Fairhaven, arudi kabla ya habari za jioni, aisimulie baada ya hali ya hewa. Wendell anaweza kusoma maneno ya Marguerite. Ana sauti laini, na kwa kuwa mnamwonyesha kifua tu, hakuna atakayeona tofauti kubwa.

Kama hilo nalo halipatikani, basi tupeni kipindi kimoja. Kimoja tu, kile cha Jumatatu cha hospitali. Mkirushe saa saba mchana, na maneno yenu yanayometa yakipita chini sitasema kitu. Eunice atakuwa na pa kumalizia sentensi yake, nasi hatutakusumbua tena.

Na kama hata kimoja mkataba umekataza, basi uje wewe mwenyewe Bethania, ukumbi wa chini, ukae kwenye kiti kilicho chini ya picha ya mchungaji wa kwanza, utusimulie kwa mdomo wako Marguerite aliambiwa nini na alimwambia nini mdogo wake. Kahawa itakuwepo. Lefse itakuwepo, ile chapati yetu nyembamba ya viazi, ya siagi na sukari. Mimi na Eunice hatutakuwepo, tutakuwa kila mtu nyumbani kwake kama kawaida. Tutakuomba tu uweke mkono wa simu mezani karibu nawe, usimulie polepole, na ukifika mahali pa hospitali unyamaze kidogo. Usijaze kimya hicho kwa kitu chochote. Hata sabuni.

Naamini hayo si makubwa kwa mtu ambaye ameweza kubadilisha mume wa wilaya nzima kwa siku moja.

Nisalimie binti wa simu. Nisalimie Wendell, na goti lake kwa namna ya pekee. Nisalimie mkeo, ambaye nasikia bado hajahama kutoka Chicago. Mwambie baridi ya hapa haiui, inachelewesha tu. Delmer anakusalimu na anasema aliyeua alikuwa mpishi. Mchungaji Aasen angekusalimu lakini bado yuko Misri. Bwana akubariki, akulinde, akuangazie uso wake, ambao kwa uvumilivu wake hauangazwi kuanzia kifuani tu.

Ni mimi dada yako katika imani, mtazamaji wa kituo chako tangu enzi za vifaranga,

Ardis Tveit (Bi Delmer Tveit)

Nyongeza. Bwana Pruitt, bahasha nilikuwa nimeshailamba. Imebidi niifungue kwa mvuke wa birika, usamehe karatasi kujikunja.

Nilipomaliza kuandika nilimpigia Eunice, si saa saba, ilikuwa bado asubuhi, nimuulize Marguerite ameolewa mara ngapi kwa hesabu kamili, nisije nikakisema vibaya kituo chako kumbe yeye amekizidi. Akauliza kwa nini. Nikasema namwandikia meneja. Akasema, "Hebu nisomee."

Nikamsomea yote. Alicheka kwenye goti la Wendell. Alicheka kwenye Misri mpaka akakohoa. Nilipofika la saba nilitaka kuliruka, lakini nimezoea kusoma kwa namba, nikalisoma. Nilipomaliza nilisikia kijiko chake kikiwekwa mezani. Baadaye akasema, "Ardis, runinga yako inawaka?"

Nikasema imezimwa.

"Yangu pia," akasema. Kisha akasema, "Si Marguerite, mdogo wangu. Ni mimi."

Ni kivimbe, upande wa kushoto. Alikwenda kupimwa peke yake. Wanamfanyia upasuaji Fargo siku ya Alhamisi, na daktari anasema wamekiwahi. Nikamuuliza nani angempeleka. Akasema angeenda mwenyewe na gari la Palmer, lile ambalo dirisha moja halifungi. Nikamwambia, na hili, Bwana Pruitt, nililisema kwa sauti ya kusikika, kwamba ni mjinga na kwamba nampenda. Akasema, "Basi, basi, wasije wakaturushia kiti." Tukazungumza mpaka mchana. Tulimzungumza Palmer, tukamzungumza mama. Viazi vyangu viliungua, na safari hii mchungaji hana kosa. Jina la dada yangu limeingia kwenye mnyororo wa maombi, nimehakikisha wanalisikia vizuri, ni Eunice.

Kwa hiyo nafuta maombi yangu yote. Kituo kikae na mume wake wa nne, Mungu awape watoto. Fairhaven isirudishwe, wala kile kipindi kimoja cha hospitali, na kwenye ukumbi wa chini usije, ingawa lefse utapelekewa. Nimeulizia: runinga za hospitali ile ya Fargo zinamshika mume wa pili vizuri kabisa, na saa saba mchana siku ya Alhamisi tutakuwa tumekaa mbele yake. Eunice amesema tuizime, tutakuwa tunaongea.

Linabaki lalamiko la tatu. Hilo silifuti. Jumatano jioni, tafadhali, mwambie mpiga picha ashushe kamera mpaka kwenye goti la Wendell, japo kwa muda mfupi. Tuna safari alfajiri, na tungependa kujua kama njiani kutakuwa na theluji.